Joto Katika Nchi ya Baridi: Hotuba kwa Watu wa Thika na Ruiru

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mganga mmoja mbele ya wafanyakazi, waajiri, wenye nyumba na akina mama wa Thika na Ruiru, mwanzoni mwa majira ya jua kali. Twaichapa kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Nilipoombwa kuja kusema nanyi juu ya joto, rafiki yangu mmoja alicheka sana. Akaniuliza, "Je, umekosa habari nyingine? Nenda ukaseme habari za joto Garissa, au Lodwar, au Mombasa. Watu wa Thika huvaa sweta mpaka saa nne asubuhi. Utawafundisha nini juu ya joto?" Sikumjibu siku ile, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, nami nimelichukua mpaka hapa ili nilijibu mbele yenu. Mtu wa Garissa anaishi na joto kama mtu anayeishi na jirani mkali ambaye tabia zake anazifahamu. Anajua saa za kumkwepa. Nyumba yake, mavazi yake, saa zake za kazi na hata mwili wake vimepangwa kwa ajili ya jirani huyo. Mtu wa Thika hutembelewa na joto kwa wiki chache tu katika mwaka, naye humpokea mgeni huyu akiwa amevaa koti.

Tuanze mbali, kisha turudi nyumbani. Mwezi wa Agosti mwaka 2003 joto kali liliingia Ulaya ya magharibi. Katika Ufaransa peke yake walikufa watu wapatao 15,000 kupita hesabu ya kawaida ya siku hizo, na wataalamu waliojumlisha hesabu za Ulaya kwa majira yale ya joto walipata zaidi ya 70,000. Tafadhali kumbukeni Ufaransa ni nchi ya namna gani. Ina hospitali nyingi, madaktari wengi, magari ya wagonjwa na maji ya bomba. Basi watu hao walikufaje? Wengi wao walikuwa wazee, na wengi waliishi peke yao, wengine katika vyumba vya ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa lililopigwa na jua mchana kutwa. Agosti ni mwezi wa likizo huko, kwa hiyo watoto wao na majirani wao walikuwa wamekwenda pwani na mashambani. Nyumba zao zilijengwa ili kulizuia joto lisitoke wakati wa baridi, nazo zikaendelea kulizuia hata wakati lisipotakiwa. Na jambo lililokuwa baya kuliko yote ni kwamba usiku haukupoa, hata mwili uliochoka mchana usipate saa ya kupumzika.

Mfano wa pili ni wa Kanada. Kati ya tarehe 25 Juni na 1 Julai mwaka 2021, jimbo la British Columbia, ambalo sehemu zake nyingi hujulikana kwa mvua na theluji, lilipata joto ambalo halikuwa limepata kuonekana huko. Katika kijiji cha Lytton kipimo kilifika digrii 49.6 za Selsiasi. Watu 619 walikufa kwa ajili ya joto lile. Waliovichunguza vifo hivyo waligundua ya kuwa karibu wote walifia ndani ya nyumba, wala si juani. Zaidi ya nusu yao waliishi peke yao. Uingereza nayo, tarehe 19 Julai mwaka 2022, ilipata digrii 40.3 mahali paitwapo Coningsby, na kabla ya siku ile hakuna mtu aliyewahi kupima digrii 40 katika nchi hiyo.

Sikuyasema haya ili kuwatisha. Thika si Lytton, wala sitaki mtu aondoke hapa akieneza habari kwamba mganga ametangaza digrii 49 zinakuja. Nataka mfahamu jambo moja tu: joto liliwaua watu wa nchi za baridi kwa sababu hakuna kitu chao chochote kilichokuwa tayari. Riyadh na Khartoum hupata joto kali mno kila mwaka na watu huendelea na maisha yao, ingawa huko nako wapo wanaodhurika. Kwa hiyo hatuna budi kujiuliza, je, sisi tuko tayari kiasi gani?

Mji wetu uko kama digrii moja kusini ya ikweta, lakini umeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na mwinuko huo ndio unaotupa hewa nzuri. Wakati wa gathano, yaani Juni mpaka Agosti, mawingu hukaa chini hata mtu akasahau jua linatokea upande gani, na mchana huwa digrii 22 au 23. Lakini kuanzia Januari mpaka mvua za masika zinapoanza, mbingu huwa tupu. Adhuhuri hufika digrii 27 au 28 kivulini, na siku nyingine hupita 30.

Nimesema kivulini. Kipimajoto cha Idara ya Hali ya Hewa huwekwa ndani ya sanduku jeupe lenye matundu ya kupitisha upepo, limesimamishwa juu ya majani, mbali na ukuta. Ndivyo inavyotakiwa, ili hesabu za Thika zipate kulinganishwa na za miji mingine. Lakini hapana mtu katika Thika anayefanya kazi ndani ya sanduku hilo! Mwanamume wa machimbo ya mawe anafanya kazi shimoni, mahali ambapo upepo haufiki, na ukuta wa mawe unamrudishia joto toka pande tatu. Mama anayechuma maua anafanya kazi ndani ya banda la karatasi za plastiki lililojengwa makusudi ili lihifadhi joto. Mtu wa kiwandani husimama karibu na tanuri au mtungi wa mvuke. Na mtoto mchanga hulala saa nane mchana katika chumba cha mabati kilichofungwa dirisha. Hao wote hawaishi katika joto la digrii 28, hata kama redio imesema hivyo.

Huko Nairobi, katika majira ya jua ya mwaka 2015 kuingia 2016, watafiti walitundika vipimajoto katika Kibera, Mathare na Mukuru, kisha wakalinganisha hesabu zao na zile za kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Walikuta joto la vijiji hivyo vya mabati linazidi lile la kituo kwa digrii kadhaa, ingawa ni mji mmoja na siku moja. Sababu si ya kutafutwa mbali: hapana miti, njia ni nyembamba, na mabati yamepakana na mabati.

Sasa tazameni upande wa Ruiru. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na watu wapatao 490,000, na Thika zaidi ya 251,000. Wazee waliopo hapa wanakumbuka wakati Ruiru ilipokuwa mikahawa mitupu, na miti ya kivuli, na barabara moja nyembamba. Kahawa yetu yenyewe ni mmea wa hewa ya baridi na haipendi joto. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ruiru, waliotoa mbegu iitwayo Ruiru 11, wangeweza kuwaeleza hayo vizuri kuliko mimi. Mashamba mengi ya mikahawa hiyo sasa yamekuwa mabati, lami na kokoto. Simlaumu mtu, maana watu hawana budi kuwa na mahali pa kulala. Lakini ardhi iliyopoteza miti yake huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, na sisi tumejenga kana kwamba gathano ni mwaka mzima.

Niruhusuni sasa nieleze kidogo jinsi mwili unavyofanya kazi, kwa sababu mtu akiufahamu hatahitaji kukariri amri nyingi. Mwili hupenda kukaa karibu na digrii 37. Mtu akifanya kazi ngumu, misuli yake hutoa joto jingi kama injini ya lori, na joto hilo lazima litoke. Moyo huisukuma damu kwenda kwenye ngozi, na ngozi hutoa jasho. Jasho linapokauka ndipo linapochukua joto na kwenda nalo. Jasho linalotiririka tu na kudondoka chini halikusaidii sana. Ndiyo maana mtu huteseka zaidi mahali pasipo na upepo, au akiwa amevaa koti la mpira.

Kazi hiyo yote yataka vitu viwili: maji ya kutosha na moyo wenye nguvu. Maji yakipungua, damu hupungua, na moyo hulazimika kukimbia zaidi ili kufanya kazi ile ile. Kwa kijana jambo hilo huleta uchovu, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Kwa mzee mwenye maradhi ya moyo laweza kumletea kifo, na watu watasema amekufa kwa moyo, wala hakuna atakayelitaja joto. Hivyo ndivyo joto lilivyojificha katika nchi nyingi, mpaka watu walipohesabu makaburi na kuuliza kwa nini wiki fulani yamezidi.

Kuna habari njema, nayo ni kwamba mwili hujifunza. Mtu akifanya kazi katika joto kidogo kidogo kila siku, kwa muda wa wiki moja mpaka mbili mwili wake hubadilika. Huanza kutoa jasho mapema zaidi, hulitoa kwa wingi, na jasho lenyewe huwa na chumvi kidogo. Maji ya damu nayo huongezeka. Lakini akiondoka katika joto kwa wiki chache, mafunzo hayo hupotea. Kwa hiyo sisi watu wa nchi ya baridi hurudi darasa la kwanza kila mwaka mwezi wa Januari, na siku za kwanza za jua kali ndizo za hatari zaidi, hasa kwa kibarua mgeni.

Vijana wetu wengi wanakwenda kufanya kazi Saudia, Qatar na Oman, na kila familia hapa ina jamaa au jirani aliyekwenda huko. Nao wafahamu hayo. Kijana aliyelelewa Gatundu akishuka Doha mwezi wa Julai, zile wiki mbili za kwanza ni za kujihadhari sana, hata akiwa na nguvu za ng'ombe dume. Serikali ya Qatar tangu mwaka 2021 imekataza kazi za juani kutoka saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 15 Septemba. Nchi iliyozoea joto ndiyo iliyoweka saa za kujificha. Sisi tusio na mazoea hatukuweka hata moja.

Sasa nitawasimulia kosa langu mwenyewe, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuja hapa leo.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni karibuni, nikifanya kazi katika zahanati ndogo upande huu wetu. Ilikuwa mwezi wa Februari, kama saa nane mchana. Wachonga mawe walimleta mwenzao juu ya lori la mawe. Hakuwa amezidi miaka ishirini, naye alikuwa na siku tatu tu katika kazi ile. Alikuwa akisema maneno yasiyo na maana, akimpiga teke kila aliyemshika. Wenzake walidhani amelewa. Mimi nilimgusa paji la uso nikalikuta kama sufuria iliyotoka mekoni, nikasema kwa ujuzi wangu wote kwamba hiyo ni malaria iliyopanda kichwani. Nikatoa damu ya kupimwa, na kwa kuwa mwili wake ulikuwa umeanza kutetemeka, nikaagiza afunikwe blanketi.

Palikuwa na mama mmoja mfanya usafi, mtu wa Mto Tana, ambaye hakuwa na cheti cho chote. Alisimama mlangoni na ndoo yake, akamtazama yule kijana, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Daktari, huyu anachemka, nawe unamfunika?" Sikumjibu neno. Naye hakungoja jibu. Alilivuta lile blanketi, akaifungua shati ya kijana, akammwagia maji ya ndoo toka kifuani mpaka magotini, akachukua jalada la mafaili mezani kwangu akaanza kumpepea. Nilikasirika, nasema kweli, maana yale maji yalilowesha karatasi zangu. Nikaleta kipimajoto ili nimwonyeshe kosa lake. Kilisoma digrii 41. Basi nami nikachukua ndoo ya pili.

Damu ilipopimwa haikuwa na malaria. Kijana alipelekwa hospitali huku tukimlowesha njia nzima, akalala huko siku nyingi kwa sababu figo zake zilikuwa zimeumia. Alipona. Kama yule mama angekuwa amekwenda nyumbani mapema siku ile, sijui ningewaambia nini ndugu zake.

Nimelisimulia jambo hili kirefu kwa sababu kosa langu ndilo kosa la nchi yetu nzima. Sisi tumezoea kwamba adui ni baridi. Mgonjwa akija, twamfunika. Akiwa moto, twamfunika zaidi na kumpa dawa ya malaria. Basi tafadhalini mzijue dalili. Mtu aliyekuwa juani au katika kazi ngumu mahali penye joto, mwili wake ukiwa moto sana, naye akaanza kuchanganyikiwa, au kuyumba kama mlevi, au kuanguka, au kushikwa na degedege, huyo amepigwa na joto, na maisha yake yamo hatarini. Msidanganywe na jasho. Wengi husema mtu aliyepigwa na joto ngozi yake huwa kavu, na kwa wazee mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini yule kijana wangu alikuwa amelowa jasho tepetepe.

La kufanya ni kumpoza kwanza, kisha kumsafirisha. Msikae kungoja gari huku mmekunja mikono. Mtoeni juani, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa kitu cho chote, kofia au kipande cha katoni, na kama kuna vitambaa vya maji baridi viwekeni shingoni, makwapani na penye mapaja. Kama kuna pipa la maji na watu wa kumshika kichwa kisizame, mtieni ndani mpaka shingoni, maana hakuna dawa ipitayo hiyo kwa mtu aliyeangushwa na kazi. Akiwa hana fahamu zake msimnyweshe kitu, atakabwa. Wala msimpe vidonge vya kushusha homa, havisaidii joto la namna hii na vyaweza kumdhuru. Na mkiwa ndani ya gari endeleeni kumlowesha, hata kama dereva atalalamika juu ya viti vyake.

Huenda mmoja wenu akauliza, je, kofia haitoshi? Kofia ni nzuri, nami nawasifu wanaoivaa. Lakini hapa pana hadithi ya kuchekesha kidogo. Walowezi wa Kizungu waliokuja nchi hizi za juu mwanzoni mwa karne ya 20 waliliogopa jua la ikweta mno. Walivaa helmeti nene, na wengine walivaa kitambaa kinene mgongoni juu ya uti, kwa maana waliambiwa kwamba miali ya jua hupenya na kuharibu ubongo na uti wa mgongo. Walivaa hivyo hata siku za baridi, na mtoto aliyetoka nje bila kofia alichapwa. Baadaye ilionekana kwamba imani hiyo haikuwa na msingi. Joto humdhuru mtu kwa kujaa ndani ya mwili wote, na lile pedi la mgongoni, kama lilifanya kazi yo yote, lilimwongezea mvaaji joto!

Tusiwacheke sana lakini, maana akina mama wa hapa mnayo pedi yenu. Namwona mtoto wa miezi mitatu saa saba mchana katika mwezi wa Februari, amevikwa fulana, sweta, suruali ya sufu, soksi mbili na boshori, kisha amefungwa shali na kubebwa mgongoni ndani ya matatu iliyojaa watu. Simlaumu mama yake. Baridi ya Julai huleta kichomi, na kichomi kimeua watoto wengi katika wilaya hizi, kwa hiyo desturi ya kumfunika mtoto ilikuwa na akili ndani yake. Lakini mtoto mchanga hana uwezo wa kujipoza kama sisi, wala hawezi kusema ana kiu. Mama amguse mtoto kifuani au nyuma ya shingo. Akikuta jasho, apunguze nguo moja, kisha nyingine. Amnyonyeshe mara nyingi zaidi. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililosimama juani, hata kwa dakika za kununua mkate, maana gari lililofungwa huwa tanuri kwa muda mfupi sana.

Wazee nao wana shida yao, yaani hawasikii kiu upesi. Mzee atakaa tangu asubuhi na kikombe kimoja cha chai, na ukimwuliza atasema ametosheka. Wengi wao wanatumia dawa za presha, na baadhi ya dawa hizo huondoa maji mwilini. Asiache dawa kwa sababu amenisikia mimi leo. Amwulize mganga wake kabla ya jua kuwa kali. Wenye maradhi ya figo, ya sukari, ya moyo, na wanaotumia dawa za maradhi ya akili wajihadhari vivyo hivyo, na akina mama wajawazito pia, kwa maana joto kali huweza kuleta uchungu kabla ya wakati wake.

Sasa nina maneno na waajiri na wanyapara, nami nashukuru kuwaona baadhi yao wamekuja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa mahali pa kazi. Maji yaliyo umbali wa nusu maili hayanyweki, kwa kuwa mtu anayelipwa kwa hesabu ya mawe hataacha jiwe lake kwenda kuyatafuta. Hapo ndipo penye shida hasa. Kibarua wa machimbo anajua kwamba kila dakika ya kivuli ni senti iliyopotea, na ada ya shule ya mtoto wake haingoji jua lipungue. Kumwambia mtu huyo apumzike bila kulitazama suala la malipo yake ni kumpa ushauri asioweza kuutumia. Ningependa wenye machimbo na wachonga mawe waketi pamoja, waanze kazi alfajiri na kuacha saa za adhuhuri, na kivuli kijengwe pale pale shimoni, hata cha makuti au turubai. Mtu anywe kikombe cha maji kila dakika 15 au 20, asingoje kiu. Atokaye jasho saa nyingi ale chakula chenye chumvi. Na kibarua mgeni siku ya kwanza apewe sehemu ya tano tu ya kazi kamili katika joto, kisha aongezewe sehemu moja kila siku. Yule kijana wangu alikuwa na siku tatu tu, naye alikuwa akishindana na watu wa miaka kumi.

Kwa wenye nyumba za kupangisha sina mengi. Paa likipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, na dari ya mbao nyembamba chini ya mabati humpunguzia mpangaji mateso mengi. Miti hukua polepole, lakini haikui kabisa isipopandwa.

Jambo moja Mungu ametupendelea: usiku wetu bado hupoa. Katika Februari hiyo hiyo yenye jua kali, alfajiri ya Thika hushuka kwenye digrii 14 au 15. Watu wa Paris mwaka 2003 wangetoa mali nyingi kupata usiku mmoja kama huo. Lakini sisi twaifungia nje hewa hiyo, kwa kuogopa wezi, na mbu, na ile imani kwamba upepo wa usiku huleta kifua. Tieni nondo na wavu dirishani, mfungue hewa ipite usiku, kisha mfunge na kushusha pazia mchana jua linapopiga upande huo.

Nilikaribia kusahau habari ya watoto wa shule. Joto likizidi, wavulana hukimbilia maji ya machimbo yaliyoachwa, na wengine Chania na Ndarugu. Machimbo yale ni ya kina kirefu, kuta zake zimesimama wima, na maji ya chini ni baridi kiasi cha kumkata mtu pumzi. Wamekufa watoto humo, katika sehemu za Juja na Thika na Ruiru, mara nyingi kuliko joto lenyewe lilivyoua watoto wa umri wao. Mwenye shimo alizungushie ua, na mzazi aulize mtoto amekwenda wapi saa tisa.

Nimesema kwa muda mrefu, na chumba hiki, kama mnavyoona, kina paa la mabati. Naona yule mzee wa mbele amefungua vifungo vya koti lake, nami nafurahi. Ndoo ya maji iko pale mlangoni pamoja na vikombe. Kunyweni kwanza, tufungue madirisha ya upande ule, kisha nitajibu maswali yenu.